Safari ya Pakiti: Fayawali ya Ruta na Fayawali ya Daraja



Fundi akiniambia kwamba amefunga fayawali ofisini kwao, huwa namuuliza swali moja kabla ya mengine: kompyuta za hapo zinajua kwamba ipo? Wengi hulishangaa. Wamejiandaa kuulizwa ni ya kampuni gani, inapitisha gigabiti ngapi kwa sekunde, leseni yake inaisha lini. Lakini jibu la swali hilo ndilo linaloniambia pakiti zitapitaje pale, kitu gani kitagoma kwanza, na siku kikigoma tuanzie wapi kutafuta.

Fayawali hukaa kwenye mtandao kwa namna mbili. Ya kwanza hukaa kama ruta. Ina anwani yake ya IP kila upande, kompyuta za ndani zimeelekezwa kwamba anayetaka kutoka apitie kwake, na kila pakiti inayotoka inakabidhiwa kwake kwa anwani. Ya pili hukaa kama swichi. Imechomekwa katikati ya waya uliokuwepo, pande zake mbili ni mtandao uleule mmoja, na pakiti inayopita haikuandikwa anwani yake popote. Inaidaka njiani, inaikagua, inaiachia. Ile ya kwanza nitaiita fayawali ya ruta, na hii ya pili fayawali ya daraja.

Wauzaji hupenda kusema kwamba ya daraja ni salama zaidi, eti kwa sababu mshambuliaji haioni. Sikubaliani nao. Sheria za kuruhusu na kukataa ni zilezile kwa zote mbili, na mara nyingi ni mashine ileile iliyogeuzwa kwa amri moja. Kinachotofautiana ni kama pakiti ilikabidhiwa au ilidakwa. Mtu akilishika hilo, mengi yaliyobaki ataweza kuyakisia kabla hajafungua mwongozo.

Tukumbushane kwanza jambo ambalo mafundi wengi wanalijua ila hulisahau kazini. Data inayopita kwenye waya wa Etheneti hubeba anwani za aina mbili, moja ndani ya nyingine. Ndani kuna pakiti, yenye anwani za IP za mtumaji na mtumiwa. Nje yake kuna fremu, yenye anwani za MAC: ya mashine iliyotoa sasa hivi na ya mashine inayopokea sasa hivi. Wanaotuma vifurushi kwa basi wanalielewa hili bila kusomea. Kifurushi kinachotoka Mtwara kwenda Bukoba huandikwa jina la mwenyewe wa Bukoba tangu kinafungwa, na jina hilo halifutwi. Lakini risiti ya mzigo huandikwa upya kila kinapohamishiwa basi jingine. IP ni jina la mwenyewe, MAC ni risiti ya basi.

Fayawali za mwanzo zilikuwa za ruta. Mwaka 1989, mwaka mmoja baada ya mdudu wa Morris kuangusha maelfu ya kompyuta za intaneti, Jeffrey Mogul wa kampuni ya Digital alieleza programu ya kuchuja pakiti kwenye malango yaliyokuwa yakiunganisha mtandao mmoja na mwingine. Lilikuwa ni jambo la kawaida kabisa: lango lilikuwepo tayari, pakiti zilikuwa zinapita hapo tayari, kilichokosekana ni wa kuzikagua. Miaka mitano baadaye, 1994, John Mayes na Brantley Coile wa kampuni ndogo iliyoitwa Network Translation walitengeneza kifaa cha PIX. Lengo lake la kwanza lilikuwa kutafsiri anwani, ili ofisi yenye kompyuta nyingi itoke nje kwa anwani chache, ulinzi ulifuatia. Cisco waliinunua kampuni hiyo mwaka 1995. Uwezo wa kukaa kama daraja PIX iliupata katika toleo la 7.0 la mwaka 2005, mwaka uleule ambao mrithi wake, ASA, aliingia sokoni. Nitaitumia ASA kama mfano wangu mkuu, si kwa kuipigia debe, bali kwa kuwa tabia zake zimeandikwa kwa kina na mafundi wengi wameigusa.

Tuchukue mtandao mdogo. Kompyuta ina anwani 192.168.10.25. Mlango wa ndani wa fayawali una 192.168.10.1, mlango wake wa nje una 203.0.113.2, na upande wa pili wa waya huo wa nje kuna ruta ya mtoa huduma yenye 203.0.113.1. Tovuti inayotafutwa iko kwenye seva 198.51.100.80, poti 443. Msihangaike kuzitafuta anwani hizi za nje: waraka wa RFC 5737 wa Januari 2010 ulizitenga kwa ajili ya vitabu na mafunzo tu.

Mtumiaji anabonyeza. Kompyuta inalinganisha anwani ya seva na ya kwake, inaona si ya mtandao wake, kwa hiyo pakiti lazima ipelekwe kwenye lango. Lango limeandikwa kuwa ni 192.168.10.1. Lakini kwenye waya IP peke yake haitoshi, inatakiwa MAC. Basi inatangaza kwa wote waliopo kwenye swichi, kwa itifaki ya ARP ambayo imekuwepo tangu 1982: nani mwenye 192.168.10.1? Fayawali inajibu kwamba ni yeye, na MAC yake ni hii hapa. Jibu hilo ndilo linaloifanya kuwa fayawali ya ruta. Imejitambulisha, na kuanzia hapo kompyuta inaiandikia yenyewe.

Fremu inatungwa. Kwa nje ina MAC ya fayawali. Kwa ndani ina pakiti ya TCP kutoka 192.168.10.25, poti 51514, kwenda 198.51.100.80, poti 443, ikiwa na alama ya SYN, yaani ombi la kufungua mazungumzo. Fayawali inaipokea kwa kuwa imeandikiwa yeye, inaivua ile fremu na kuitupa.

Wengi hudhani kinachofuata ni kusoma sheria. Sivyo. Kinachofuata ni kutazama jedwali la miunganisho: je, pakiti hii ni ya mazungumzo yaliyokwisha kuruhusiwa? Hii haimo. Ni SYN, ni mgeni mpya. Sasa ndipo zinasomwa sheria. Katika ASA kila mlango una kiwango cha uaminifu kati ya 0 na 100. Kwa kawaida wa ndani hupewa 100 na wa nje 0, na pakiti inayotoka kwenye kiwango cha juu kwenda cha chini huruhusiwa isipokuwa kama kuna orodha ya ruhusa inayosema vingine. Hapa imeruhusiwa. Fayawali inatazama jedwali la njia na kuona kwamba ya kwenda 198.51.100.80 inapitia 203.0.113.1. Inabadilisha anwani ya mtumaji, 192.168.10.25 inakuwa 203.0.113.2, na namba ya poti ikibidi inabadilishwa pia ili isigongane na ya kompyuta nyingine. Kisha inaandika mstari kwenye jedwali: fulani wa ndani anazungumza na fulani wa nje, kwa poti hizi, tumefikia hatua hii. Inaunda fremu mpya yenye MAC yake kama mtumaji na MAC ya ruta ya mtoa huduma kama mpokeaji. Pakiti inaondoka.

Kuhusu kubadilisha anwani niseme neno moja, kwani ndilo linalofanya fayawali ya ruta iwe ndiyo chaguo la kawaida katika ofisi za kwetu. Anwani za IPv4 zimekwisha, au tuseme zimebaki za kugawiwa kwa kijiko. AFRINIC, wanaogawa anwani kwa Afrika, waliingia hatua ya mwisho ya mgao Januari 2020, na tangu hapo mwombaji hapewi zaidi ya anwani 1,024 kwa ombi moja. Taasisi yenye kompyuta 3,000 itaishi kwa kutafsiri anwani, na pa kufanyia tafsiri ni pale mitandao miwili inapokutana. Ruta inakuwepo hapo hata hivyo.

Seva inajibu kwa SYN-ACK. Pakiti inafika mlango wa nje, kiwango 0, ikitaka kwenda kiwango 100. Kwa sheria peke yake ingekataliwa. Lakini jedwali linatazamwa kwanza, na mstari wake umo. Inarudishiwa anwani ya asili na kupitishwa bila sheria hata moja kusomwa. Pakiti zote zitakazofuata za mazungumzo haya, ziwe kumi au laki, zitapita hivyohivyo. Mstari utafutwa pande mbili zikiagana, au, kwa mpangilio wa kawaida wa ASA, zikikaa kimya kwa saa 1. Kwa UDP, isiyo na salamu wala kwaheri, ni dakika 2 tu.

Katika safari yote hii kuna kitu kimoja ambacho vitabu husema na mashine haitii. Kila ruta inatakiwa kupunguza namba ya TTL kwa 1 inapopitisha pakiti, na ndivyo traceroute inavyopata kuziorodhesha ruta za njiani. Linux ikikaa kama ruta hufanya hivyo. ASA, hata ikikaa kama ruta, haipunguzi mpaka uiamrishe. Kwa hiyo fundi anayetumia traceroute kutafuta fayawali anaweza kuikosa hata ile isiyojificha.

Sasa tuigeuze. Tunaondoa anwani za milango miwili. Lango la kompyuta, 192.168.10.1, sasa ni ruta ya mtoa huduma yenyewe, na fayawali imechomekwa kati ya ruta hiyo na swichi ya ofisi. Hakuna kompyuta hata moja iliyobadilishwa kitu, na huo ndio uzuri wake: unaweza kuifunga usiku, asubuhi wafanyakazi wakaingia kazini bila habari.

Ni lazima niwaonye mapema kuhusu waya. Kama nyaya zote mbili za fayawali zinaishia kwenye swichi moja, ziwekwe kwenye VLAN mbili tofauti, yaani vigawanyo viwili vya swichi visivyoonana, ijapokuwa anwani za pande zote mbili ni za mtandao uleule. Kwenye mchoro inaonekana kama kosa, mtandao mmoja wenye VLAN mbili, na nimeona watu wenye nia njema wakilisahihisha. Wakishalisahihisha, kompyuta inaifikia ruta moja kwa moja kupitia swichi na fayawali inabaki pembeni ikiwaka taa. Bahati ikiwa mbaya zaidi, fremu zinaanza kuzunguka zenyewe kwenye kitanzi mpaka mtandao unalala.

Kompyuta inauliza kama mwanzo: nani mwenye 192.168.10.1? Safari hii swali linafika kwenye fayawali, na fayawali haijibu. Inalipitisha. Ruta inajibu kwa MAC yake, jibu linapitishwa pia, na wakati huohuo fayawali inanukuu pembeni: MAC hii iko upande wa nje, ile iko upande wa ndani. Kompyuta inatunga fremu iliyoandikiwa ruta. Fayawali inaidaka, inaifungua kutazama pakiti ya ndani, na hapo kazi inakuwa ileile ya mwanzo: jedwali la miunganisho, kisha sheria, kisha mstari mpya kwenye jedwali. Ikiridhika, inaitoa fremu ileile upande wa pili, na MAC zilezile, TTL ileile. Ruta inapoipokea haina namna ya kujua kwamba ilikaguliwa.

Jedwali la njia halihusiki hapa. Nafasi yake inachukuliwa na jedwali la MAC. Hapo pana tofauti ndogo na swichi ya kawaida ambayo inafaa kuifahamu. Swichi ikipata fremu ya kwenda MAC isiyoijua, inaisambaza kwenye matundu yote na kutumaini. Fayawali haiwezi kufanya hivyo, kwa kuwa kusambaza ni kupeleka pakiti upande ambao hujaamua bado kama inaruhusiwa. ASA huitupa pakiti hiyo ya kwanza, kisha hutafuta yenyewe: kama anayetafutwa ni wa mtandao uleule inauliza kwa ARP, kama yuko mbali inampigia ping ili ione jibu linarudi kwa mlango upi. Mtumiaji wa TCP haoni kitu, maana SYN hutumwa tena yenyewe baada ya muda mfupi. Anachoona ni kwamba mara ya kwanza ukurasa ulichelewa kidogo.

Nilisema sheria ni zilezile, lakini zinahusu vitu viwili tofauti kidogo. Fayawali ya ruta haipitishi kitu kisicho IP kwa sababu rahisi: chochote kisicho na anwani ya IP hakina pa kuelekezwa. Tangazo la kwa wote linafia mlangoni. Ombi la DHCP, ambalo ni tangazo, linafia mlangoni, na ndiyo maana ukihamishia seva ya DHCP ng'ambo ya fayawali ya ruta inabidi uiambie fayawali iyabebe maombi hayo. Ruta mbili zinazotumia OSPF, itifaki ya ruta kupashana njia, zikitenganishwa nayo haziwi majirani, kwani husalimiana kwa anwani 224.0.0.5 ambayo haivuki ruta. Fayawali yenyewe lazima iingie kwenye OSPF na kuzungumza na kila upande.

Fayawali ya daraja iko kinyume. Ruta mbili zilizo pande zake zinaweza kuwa majirani wa OSPF kupitia tumbo lake, ukiandika sheria ya kuruhusu. DHCP inapita, ukiruhusu poti 67 na 68 kwa pande zote mbili. ARP inapita bila sheria yoyote. Vivyo hivyo zinapita fremu za spanning tree, ile kanuni ya Radia Perlman ya mwaka 1985 inayozuia vitanzi kati ya swichi, na ni lazima zipite, kwani ukizizuia umezifumba swichi macho zisione kitanzi ambacho fayawali yako imesaidia kukiunda. Vitu vingine visivyo IP, kama MPLS, vinahitaji sheria ya aina yake.

Na hapa ndipo nawajibu wale wauzaji. Mlinzi anayeruhusu ARP zote zipite bila swali si wa kusifiwa kwa kutoonekana. ARP haina saini wala nywila. Anayejibu haraka ndiye anayeaminiwa. Mashine iliyotekwa upande wa nje wa fayawali ya daraja inaweza kudai kwamba 192.168.10.1 ni yenyewe, na dai hilo litaingia ndani bila kizuizi. Dawa ipo: ASA inaweza kuzilinganisha ARP na orodha uliyoiandika kwa mkono na kutupa zisizolingana. Lakini dawa hiyo haijawashwa unapoitoa mashine kwenye boksi. Mbele ya fayawali ya ruta hila hiyo ingekwama, kwa kuwa ARP haivuki. Isitoshe, kutoonekana kwenyewe ni kwa kiasi. Fayawali ya daraja nayo ina anwani ya IP ya usimamizi, na katika ASA anwani hiyo ni lazima iwe ya mtandao uleule inaoukata katikati. Mshambuliaji akiona poti 65,000 ziko kimya na moja tu inajibu, hahitaji traceroute kujua kwamba pana mlinzi.

Kuna kisa kimoja kinachoonyesha vizuri kwamba daraja hili haliko wazi kama linavyodaiwa. Ruta mbili zinazungumza BGP, itifaki nyingine ya kupashana njia, na mazungumzo yamewekewa nywila kwa njia ya RFC 2385 ya mwaka 1998. Kila kipande cha TCP kinabeba saini ya MD5, na saini hiyo imekokotolewa pamoja na namba ya mfuatano ya TCP. Fundi anachomeka ASA katikati kama daraja, anaruhusu poti 179 pande zote, na BGP haisimami. Sheria ziko sawa. Ping inapita. Kilichotokea ni kwamba ASA, kwa kawaida yake, hubadilisha namba ya mwanzo ya mfuatano kwa kila muunganisho mpya ili isikisiwe, na huifuta ile sehemu ya TCP inayobeba saini. Ruta ya pili inapokea kipande kisicho na saini, au chenye saini isiyolingana, na inakitupa bila kurudisha jibu lolote la kosa. Inabidi uiambie ASA, kwa muunganisho huo tu, iache namba kama zilivyo na iiachie sehemu namba 19 ipite. MAC haikuguswa, TTL haikuguswa, IP haikuguswa. Iliyoguswa ni TCP, ndani zaidi, mahali ambapo anayesikia neno "daraja" hategemei mkono wa mtu kufika.

Kwenye Linux haya yote yanaonekana kwa uwazi zaidi kwa kuwa vituo vya ukaguzi vina majina. Tangu kerneli ya 2.4 ya Januari 2001, pakiti inayovuka mashine hupita PREROUTING, kisha uamuzi wa njia, kisha FORWARD, kisha POSTROUTING. INPUT ni ya pakiti zinazoishia kwenye mashine yenyewe. Wanafunzi wengi huandika sheria zao zote kwenye INPUT na kushangaa kwamba ofisi nzima inapita kana kwamba hakuna kitu. Wamelinda nyumba ya mlinzi, barabara wameiacha. Ukiigeuza Linux kuwa daraja mambo yanabadilika tena: fremu zinavuka kwa chini, haziinuki mpaka ngazi ya IP, na sheria za iptables hazitembelewi kabisa isipokuwa kama moduli ya br_netfilter imepakiwa na kuamriwa kuzipandisha. Tangu kerneli ya 3.18, ya Desemba 2014, moduli hiyo haipakiwi pamoja na daraja kama zamani. Aliyewahi kusimika Kubernetes kwa mkono anaikumbuka amri ya kuipakia, ingawa wengi waliinakili bila kujua inafanya nini.

Nimebakiza tatizo ambalo kwa maoni yangu linakula saa nyingi za mafundi kuliko yote niliyoyataja. Fayawali yenye jedwali la miunganisho inadai kitu kimoja: ione pande zote mbili za mazungumzo. Rudini kwenye ofisi yetu, fayawali ikiwa ya ruta. Ofisi imefungua tawi, na ruta ya tawi imechomekwa kwenye swichi ileile ya ndani kwa anwani 192.168.10.2. Fayawali imeelekezwa kwamba pakiti za tawini izirudishe kwenye mlango uleule wa ndani, kwa 192.168.10.2. Kompyuta inatuma SYN kwa lango lake, fayawali inaandika mstari na kuirudisha kwa ruta ya tawi. Seva ya tawini inajibu SYN-ACK. Ruta ya tawi inaona kwamba 192.168.10.25 iko kwenye mtandao wake uleule, haina haja ya kupitia lango, inaikabidhi moja kwa moja. Kompyuta inatuma ACK kwa lango. Fayawali inashangaa: iliona ombi, haikuona jibu, na sasa inaletewa shukrani. Inaitupa.

Dalili zake huwachanganya watu. Ping inakubali, kwani ping haina hatua tatu za salamu. Mfumo wa tawini haufunguki. Fundi anaongeza sheria ya kuruhusu, haisaidii. Anaongeza sheria ya kuruhusu kila kitu kwa kila mtu, haisaidii, na sheria hiyo ya hatari inasahauliwa pale. Fayawali za daraja nazo zinapatwa na ugonjwa huohuo kwa njia nyingine: ofisi ina njia mbili za kutoka, kila moja na daraja lake, SYN inatoka kwa hili na SYN-ACK inarudi kwa lile, ambalo halina habari. Kwenye kumbukumbu za ASA mtaona ujumbe namba 106015, unaosema kwamba TCP imekataliwa kwa kuwa hakuna muunganisho, na alama za SYN na ACK zimeandikwa mbele yake. Mkiuona huo, acheni sheria. Chukueni karatasi mchore njia ya kwenda na njia ya kurudi. Kwa ofisi yetu dawa ni kuihamishia ruta ya tawi kwenye mlango wake wenyewe wa fayawali. Kuna amri ya kuiambia ASA ipuuze hali ya muunganisho kwa pakiti fulani; naijua, na siipendekezi isipokuwa kwa siku chache za kuhama.

Kwa hiyo nani achague ipi? Ofisi, chuo, hospitali inayoanza upya: fayawali ya ruta, bila mjadala mrefu. Mtahitaji kutafsiri anwani, kutenganisha wageni na wahasibu, kupokea VPN za walio safarini, na kazi hizo zinafaa pale mitandao inapokutana. Fayawali ya daraja naiweka mahali ambapo anwani haziguswi: mashine za maabara ambazo mtengenezaji wake ameziwekea anwani na haruhusu zibadilishwe, mitambo ya kiwandani, au ruta mbili ambazo majirani zao wa OSPF hamtaki kuwavuruga. Huko haina mpinzani.

Lakini atakayeifunga ana deni kwa atakayemfuata. Mashine ambayo haimo kwenye traceroute, haimo kwenye ARP ya kompyuta yoyote, wala haimo kwenye mipangilio ya lango, itampotezea mrithi wako siku nzima. Basi ichoreni kwenye ramani ya mtandao siku hiyohiyo mliyoifunga, bandikeni karatasi kwenye nyaya zake zote mbili, na andikeni kando ya zile VLAN mbili kwamba si kosa, zisiunganishwe. Anwani yake ya usimamizi iandikwe mahali ambapo mtu wa zamu ataiona saa nane usiku. Na kabla hamjafunga mlango wa chumba cha seva, washeni ukaguzi wa ARP.